Mara ya Mwisho Ulikunywa Lini?

Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi, Moshi

Shikamooni walimu wangu mliokaa nyuma. Wanangu, hamjambo? Jumatatu mnaingia wodini, na nimeombwa niseme nanyi kuhusu kuwahudumia wateja wenye magonjwa ya akili na uraibu. Nitaanzia wodi ya majeruhi, kwa sababu wengi wao mtakutana nao huko kwanza, na hakuna atakayewaambia kwamba ndio hao.

Nilikuwa na miaka miwili kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Ijumaa usiku akaletwa baba mmoja wa makamo, kaanguka na bodaboda akirudi nyumbani, mguu umevunjika. Alikuwa ananuka mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Nikaandika kwenye faili "mlevi", nikapiga mstari chini ya neno. Sikuuliza zaidi. Jumamosi jioni mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likalowesha shuka, na ilikuwa Julai, nanyi mnaijua baridi ya Moshi ya Julai. Tukasema ni maumivu. Usiku ule alikakamaa na kutupatupa viungo kama mwenye kifafa. Jumapili usiku alikuwa anachuma vitu juu ya blanketi, hivi, kwa vidole viwili, kimoja kimoja, akisema siafu wanampanda. Akataka kushuka kitandani na mguu wake ule wenye plasta. Tukamfunga kwa bandeji.

Mama aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha jirani akasema huyu katupiwa kitu, na nusu ya wodi ikaafiki. Daktari alipofika aliuliza swali moja tu: mara ya mwisho alikunywa lini? Hatukuwa na jibu. Mdogo wa mgonjwa ndiye aliyesema kwamba kaka yake hajalala siku moja bila pombe kwa miaka mingi. Yule baba alifariki Jumatatu alfajiri. Zile bandeji nilizifungua mimi. Zilikuwa zimeacha alama kwenye vifundo vya mikono.

Sasa sikilizeni nini kilitokea ndani yake. Pombe huutuliza ubongo. Ubongo unaotulizwa kila siku hujikaza ili uendelee na kazi zake licha ya pombe. Ukiiondoa pombe ghafla, mkazo ule unabaki peke yake, hauna wa kuuzuia. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na wasiwasi huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa mara nyingi huja ndani ya saa 48 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 ndipo huja lile kubwa: anachanganyikiwa, anaona visivyokuwepo, homa inapanda, moyo unakwenda mbio. Rudini kwa yule baba, hesabuni kuanzia Ijumaa usiku. Alifuata saa zile kama anayesoma ratiba. Ratiba sisi hatukuwa nayo kwa sababu hatukuuliza.

Dawa ipo na si ya ajabu: diazepamu, kwa kipimo anachoandika daktari, huku muuguzi akipima mapigo, presha, joto na upumuaji mara kwa mara. Msiridhike na sindano ya haloperidoli, ile dawa ya wagonjwa wa akili, peke yake. Itamnyamazisha, mtadhani amepona, kumbe inaweza kumsogeza karibu zaidi na kifafa.

Na vitamini B1, yaani thayamini, msiisahau. Mtu anayekunywa sana hula kidogo, na akiba yake ya thayamini huisha. Mwili unaihitaji ili kuchoma sukari. Ukimtundikia dripu ya glukosi bila thayamini, ile kidogo iliyobaki inamalizika, na ubongo unaumia: macho yanachezacheza, mwendo unayumba, kumbukumbu inapotea, pengine isirudi. Ndiyo maana thayamini hutangulia. Ila mkipima mkakuta sukari imeshuka sana, glukosi isicheleweshwe. Vyote viwili viende pamoja.

Swali lenyewe lina namna yake hapa kwetu. Ukimuuliza mzee wa Kibosho au Marangu, "Unakunywa pombe?" atakujibu, "Hapana, sista." Hakudanganyi. Mbege kwake ni ndizi na ulezi, ni kikao cha ukoo, ni posa, ni msiba. Pombe ni ile ya dukani. Basi taja kwa majina: mbege, bia, gongo, zile chupa ndogo za plastiki zilizoshika nafasi ya viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017. Uliza kata ngapi kwa siku, yaani vile vibuyu vya kunywea. Kisha uliza mara ya mwisho ilikuwa lini, kwa sauti ileile uliyoulizia mara ya mwisho amekula lini. Ukiuliza kama polisi, utapewa majibu ya polisi. Kipo kipimo cha AUDIT cha Shirika la Afya Duniani, maswali 10, alama kutoka 0 hadi 40, na kuanzia 8 ni dalili kwamba unywaji una shida. Kijifunzeni.

Mitaani kijana wa heroini anaitwa teja. Sisi tunafundishwa kumwita mteja. Irabu na konsonanti ni zilezile, imeongezwa herufi moja tu mbele, na hiyo moja ndiyo naomba mwingie nayo wodini. Arosto yake, yaani mateso ya kukosa unga, ndiyo hiyo heroini, inamtesa vibaya, inafika kilele siku ya 2 au ya 3, lakini kwa kawaida haimuui. Hatari iko baadaye. Akikaa wiki kadhaa bila unga kisha akarudia kiasi kilekile cha zamani, mwili umeshapoteza uzoefu, na pumzi inaweza kukata. Mwambieni hivyo waziwazi kabla hajaruhusiwa. Na mwambieni kwamba matibabu ya methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, yapo nchini, yalianza Muhimbili mwaka 2011, na kwa kawaida anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu.

Wanaoniumiza zaidi ni wenye vyote viwili. Kijana anasikia sauti, anakunywa gongo ili apate usingizi. Akipelekwa kwa wagonjwa wa akili anaambiwa aache pombe kwanza, akipelekwa kwenye nyumba ya waraibu anaambiwa atibiwe akili kwanza. Anazunguka mpaka mama yake anaishiwa nauli. Mtibuni mtu mmoja mwenye shida mbili, kwa wakati mmoja.

Kuna swali nimelipata kwa mama mmoja wa Pasua. Nilimlalamikia kwamba mwanawe hapati nafuu. Akasema, "Sista, dawa anameza vizuri sana, ila siku akinywa pombe namfichia, maana mlituambia tusichanganye." Na kijana alikuwa anakunywa kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Siku 3 kwa wiki hana dawa, kwa maelekezo yetu wenyewe! Tangu hapo kila mteja namuuliza: siku unazokunywa, dawa unazifanyaje? Jibu nalipeleka kwa daktari, kwa sababu zipo dawa, kama hiyo diazepamu, ambazo kweli ni hatari pamoja na pombe, na zipo ambazo kuziruka ni hatari zaidi. Daktari ndiye atamwambia ipi ni ipi.

Naona muda unakimbia. Chukueni karatasi mojamoja. Geukeni wawiliwawili, mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi. Mgonjwa anyooshe mikono, atanue vidole, muuguzi alaze karatasi juu yake. Karatasi inaonyesha mtetemo ambao jicho halioni. Itazameni kimya kimya kwanza. Kisha muuguzi akae chini, macho yalingane na ya mgonjwa, amwite kwa jina, na aulize lile swali. Ninapita kusikiliza mnavyolitamka.