Kabla Hujanunua Risiva, Isikilize Ikiwa Kimya

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena dukani. Leo tunachagua risiva, ile mashine yenye amplifaya na redio ndani ya kasha moja, na tutaisaka ile kelele inayotoka kwenye spika wakati hakuna kinachopigwa. Mteja akifika hapa husema, "Niwekee ngoma nzito nisikie besi." Namwomba asubiri kidogo. Besi karibu kila mashine itakupa. Mimi ni mtu wa taarabu ya zamani na rumba la Kongo, na pale mwimbaji anapovuta pumzi sitaki kusikia mashine ikinguruma nyuma yake.

Haya, geuza mashine utazame mgongo. Dogo, leta kamera huku. Karibu zaidi. Taa inamulika, sogea kushoto. Hapo hapo. Someni: AC 100V. Hii imetoka Japani, na umeme wetu Tanzania ni volti 230. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja unaiunguza. Inataka transfoma ya kushusha umeme. Imeandikwa pia wati 190, basi tafuta transfoma ya wati 500, isifanye kazi kwa kukaza meno. Tena muulize muuzaji inatoa volti ngapi, maana nyingi hushusha hadi 110, na hizo ni za mashine za Marekani zilizoandikwa 120. Ya Japani itafutie ya 100. Zilizotoka Uingereza zinasoma 230 au 240, hizo chomeka tu.

Na kama unaitaka kwa ajili ya redio, washa FM uone namba zinaishia wapi. Risiva nyingi za Japani zinaanzia 76 na kuishia 90. Stesheni zetu zimesambaa mpaka 108. Mashine itakuwa nzuri kweli, lakini redio yako uipendayo huenda isiingie kabisa. Muuzaji asipokuambia, mimi nimekuambia.

Wati sitakaa nazo sana. Ukiona kasha limeandikwa PMPO na maelfu ya wati, hiyo namba ya matangazo iache, tafuta iliyoandikwa RMS, yaani wati za kweli zinazotoka mfululizo. Na usilipe pesa nyingi kutoka wati 50 kwenda 100 ukidhani sauti itakuwa mara mbili. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo. Sebuleni wati 50 za kweli zinatosha na zinabaki. Tazama omu badala yake, yaani kipimo cha ukinzani wa spika. Kama spika zako ni omu 4 na mashine imeandikwa 6 mpaka 16, chagua mashine nyingine.

Spika mnajua kufunga, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nimeshafunga.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo spika zinapokufa. Jaribio letu tunapandisha sauti bila kupiga wimbo. Kwa hiyo kabla hujagusa waya wowote, SHUSHA SAUTI MPAKA SIFURI. Narudia: shusha sauti kwanza, ndipo uguse waya.

Chagua tundu lisilo na kitu. Hapa nimeweka AUX, nyuma hakuna waya. Pandisha polepole mpaka nusu. Weka sikio karibu na twita, ile spika ndogo ya juu. Mnasikia? "Shhhh", nyembamba kama mchele unaomiminwa kwenye ungo mbali kidogo. Hiyo ni kelele ya vifaa vya ndani na kila amplifaya inayo. Sasa narudi nyuma, nakaa kwenye kiti. Haipo. Basi mashine hii imefaulu. Kama ningeisikia nikiwa kwenye kiti, ningeiacha. Angalizo: spika zenye honi, zile zinazopiga kelele kwa wati kidogo, zitaikuza hiyo "shhhh" kwenye mashine yoyote, kwa hiyo mwenye spika hizo ajaribu kwa spika zake mwenyewe.

Nashusha sauti. Mmeona mkono wangu? Sifuri. Sasa nachomeka waya wa king'amuzi, pini nyekundu na nyeupe. Ile pini ya katikati hugusa kabla ya chuma cha pembeni. Kwa hiyo kama sauti iko juu, katika ule muda mfupi unatoka mngurumo mkubwa unaoweza kuua wufa, ile spika kubwa ya besi, au twita. Ndiyo maana nasema shusha.

Napandisha... subirini. Dogo, usizime kamera, acha wasikie. "Mmmmm." Huu sikuupanga, lakini ndio wenyewe. Huu si ule wa kwanza. Huu ni mzito, ni umeme wa ukutani, wa hezi 50, unaopita kwenye waya za sauti. Tuusake.

Nashusha sauti: mngurumo umepungua. Kwa hiyo unaingia kutoka nje. Ungebaki vile vile hata kwenye sifuri, tungemshuku amplifaya mwenyewe, na kwenye mashine ya miaka 30 mara nyingi ni kapasita za pawa, vile vikopo vya kusafisha umeme ndani, zimekauka. Hapo omba punguzo la bei linalotosha kumlipa fundi, au ondoka.

Sauti iko sifuri. Nachomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Napandisha. Kimya! Mmesikia? Dishi liko juu ya bati, limepata ethi yake huko, yaani njia ya umeme kwenda ardhini; upande wa risiva una ethi nyingine kwenye soketi; na vyote vimekutana kupitia waya wa sauti. Umeme unazunguka humo, na spika ndiyo inayokusimulia.

Dawa: kwanza weka kila kitu kwenye ekstensheni moja. Ikikataa, unganisha king'amuzi na risiva kwa waya wa mwanga, ule wa Toslink. Ndani yake hamna shaba, umeme hauna pa kupita. Risiva isiyo na tundu hilo ifungie kale katransfoma kadogo ka kutenganisha waya za sauti. Ila usikate pini ya ethi ya plagi yoyote. Mngurumo utaondoka kweli, na siku chuma cha kifaa kikishika umeme, anayeugusa ni mtoto. Nimeombwa na wateja niikate, na sijakubali.

Kama "shhhh" inakuja kwenye FM tu, usimlaumu amplifaya. Antena ni dhaifu. Vuta waya mpaka dirishani, au bonyeza MONO, itatulia.

Sauti sifuri, narudisha waya wa dishi, na mara hii ninatumia wa mwanga. Napandisha... safi kabisa.

Risiva nilizonazo na bei zake nimeandika hapo chini. Ukija, njoo na spika yako, hata moja tu, tukae nayo kwenye kiti tuisikilize bila wimbo.