Kipandikizi Kikigeuka Zambarau: Saa 72 Baada ya Upasuaji wa Kichwa na Shingo

Wauguzi, madaktari wenzangu na wanafunzi, karibuni. Mada niliyopewa ni matatizo yanayofuata baada ya kuhamisha tishu kuziba pengo la kichwani au shingoni. Ni mada pana, na muda wangu mwingi nitautumia kwenye saa 72 za mwanzo, kwa sababu mishipa ya damu iliyounganishwa ikiziba, kwa kawaida huziba ndani ya saa hizo.

Tukikata saratani ya ulimi au ya taya la chini, tunaacha pengo lisiloweza kufumbwa kwa kushona tu. Basi tunachukua ngozi ya kigasha, au nyama ya paja, au fibula, ule mfupa mwembamba wa mguu chini ya goti, pamoja na ngozi yake. Tunakiondoa kipande hicho, ambacho ndicho kipandikizi, na ateri yake inayoleta damu na vena yake inayoitoa, kisha chini ya hadubini tunaiunganisha mishipa hiyo na ya shingoni. Upana wa mishipa hiyo ni milimita 1 hadi 3, na uzi wa kuishonea ni mwembamba kuliko unywele. Kwenye vituo vyenye uzoefu, vipandikizi vipatavyo 95 kati ya 100 hupona. Takwimu hiyo inatia moyo, lakini pia inaweza kutulaza usingizi.

Mara nyingi tatizo huanzia kwenye vena. Ukuta wake ni laini na damu yake hupita kwa shinikizo dogo, hivyo kidogo tu kinatosha kuibana: damu iliyovilia shingoni, kamba iliyokazwa ya trakeostomia, yaani mrija wa kupumulia uliopitishwa shingoni, kichwa kilichogeuzwa vibaya kitandani. Ateri inaendelea kuleta damu, vena haiitoi. Kipandikizi kinavimba na kugeuka zambarau. Ukikibonyeza na kuachia, rangi inarudi upesi mno. Ukikichoma kwa sindano, damu nyeusi inatoka papo hapo. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, maana wamefundishwa kuwa rangi ikirudi haraka ni dalili njema. Kwa kipandikizi, haraka ya kupita kiasi ni hatari.

Ateri ikiziba, mambo ni kinyume chake: kinapauka, kinapoa, rangi hairudi, na sindano haitoi kitu. Na kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, tafadhali msitegemee macho peke yake. Gusa usikie joto na ugumu, tumia Doppler, kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu, na ukiwa na shaka daktari achome sindano.

Sasa niseme kwa msisitizo. Muuguzi akiona badiliko saa 8 usiku, apige simu saa 8 usiku. Asisubiri raundi ya asubuhi, wala asiombe ruhusa kwa daktari mdogo anayeogopa kumwamsha mkubwa wake. Tishu iliyokosa damu kwa saa nyingi hufika mahali ambapo hata ukifungua mshipa mkubwa, vile vidogo vya ndani vimeshavimba na kuziba, na damu haipiti tena. Tukirudi mapema chumba cha upasuaji, vipandikizi vingi huokolewa. Mimi naona ni bora kumfungua mgonjwa na kukuta mishipa ni mizima kuliko kuchelewa hata mara moja tu. Ruba husaidia kunyonya damu iliyotuama pale ambapo vena haiwezi kurekebishwa, lakini hawachukui nafasi ya upasuaji.

Siku hizo zikipita salama, adui anayefuata ni mate. Mshono wa ndani ya kinywa au koo ukiachia, mate yanashuka shingoni na kufanya fistula, yaani njia isiyo ya kawaida ya kuvujia, hasa kwa mgonjwa aliyewahi kupigwa mionzi, mwenye kisukari, au aliyedhoofu kwa kukosa lishe. Homa, wekundu wa shingo, na majimaji machafu kwenye mrija wa kutolea uchafu: hizo ndizo ishara. Mate yakiuzunguka mshipa mkubwa wa karotidi, ule unaopeleka damu kichwani, ukuta wake huoza. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, damu kidogo inayotoka shingoni na kukoma yenyewe isichukuliwe kuwa jambo dogo. Huenda inatangulia mlipuko wa mshipa huo, na timu yote iitwe wakati huohuo.

Sehemu tuliyochukua tishu tunaisahau, ilhali mgonjwa ndiye anayeishi nayo. Kwenye kigasha, ngozi iliyobandikwa juu ya kano inaweza isishike. Mguuni, maumivu makali yanayozidi vidole vikinyooshwa yachunguzwe mara moja, kwani misuli inaweza kuwa imebanwa hadi kukosa damu.

Jambo la mwisho ni sauti. Mgonjwa mwenye trakeostomia hawezi kuita. Awe na kengele mkononi, kalamu na karatasi pembeni, na nambari ya simu ya daktari wa upasuaji ibandikwe kando ya kitanda ili anayepokea zamu asihangaike kuitafuta. Sasa nayakaribisha maswali, nikianza na walio zamu ya usiku.