Ukungu Unaouzwa kwa Kijiko

Mbukwenyi! Ahsanteni. Kaeni, kaeni.

Mwenyekiti kanipa nusu saa, na kanisihi mbele ya mashahidi kwamba leo nisianze na habari ya jina la zabibu zetu. Mnanijua. Habari hiyo nimeisema Hombolo, nimeisema Mpunguzi, nimeisema hadi msibani, mama mmoja akanishika mkono akaniambia, "Baba, leo tuzike kwanza." Basi leo sianzi na jina, naanza na safari. Yule bwana wa nyuma aliyekuja na boksi la zabibu, usiligawe bado, nitalihitaji.

Mwezi wa kumi nilikwenda Tokaj, mji wa mvinyo kule Hungaria. Herufi yao ya j isomeni kama y yetu. Unapanda treni Budapest, stesheni ya Keleti, unaelekea kaskazini-mashariki kwa saa mbili na nusu hivi. Ukishuka, mji wenyewe unauzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, maana watu wake hawafiki 5,000. Mito miwili, Bodrog na Tisza, inakutana pale pale mjini, na nyuma umesimama mlima wanaouita Kopasz, yaani Kipara. Nikauliza urefu wake. Mita mia tano na kidogo! Ndugu zangu, sakafu ya ukumbi huu wa Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tumekaa kwenye viti, na tuko juu mara mbili ya mlima wao.

Lakini kale kamlima ni ncha ya safu ya Zemplén, na safu hiyo ilijengwa na volkano zilizozimika zamani sana, kwa hiyo udongo wa vijiji vya jirani umejaa majivu na mawe ya volkano. Juu ya nguzo za umeme mjini niliona viota vikubwa vya vijiti, vitupu. Nikaambiwa ni vya ndege, korongo weupe, wameshaondoka tangu Agosti. Wameenda wapi? Afrika, wengine wao kwetu huku. Yaani mimi nimepanda ndege kuwatembelea, kumbe wenyeji wangu nimepishana nao angani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kiswahili kina neno ukungu. Kile kinachofunika bonde alfajiri ni ukungu. Kile kinachoota juu ya mkate uliosahaulika kabatini nacho ni ukungu. Miaka yote nilidhani huo ni umaskini wa lugha, mpaka nilipofika Tokaj nikaona babu zetu waliielewa biashara ya watu wale bila nauli.

Nilikwenda shambani saa moja asubuhi. Sikuona kitu. Ukungu wa mito ile miwili ulikuwa umepanda hadi kwenye mizabibu, matone yananing'inia kwenye majani, viatu vyangu chapachapa. Saa tano jua limetoka, upepo mkavu, ukungu hakuna. Kesho yake hivyo hivyo. Huo ukungu wa kwanza, wa mtoni, ndio unaomlea ukungu wa pili, kuvu anayeitwa Botrytis. Anaingia kwenye zabibu iliyoiva, anatoboa ganda vitundu visivyoonekana, na jua la mchana linanyonya maji kupitia vitundu vile. Inabaki sukari na harufu. Zabibu inajikunja, inageuka rangi ya kahawia, imevaa vumbi la kijivu. Kwetu ungeitupia kuku.

Palikuwa na mama mmoja wa makamo, ana ndoo. Hakuwa anakata kichala. Alikuwa anachambua punje moja moja, hii imekauka anaweka ndooni, ile bado anaiacha, atairudia baada ya siku kadhaa. Kijana wetu mmoja anayesoma kule alikuwa akinitafsiria. Nikamwambia, "Muulize, mama, kwa siku unapata kilo ngapi?" Mama akaangalia ndoo, akaniangalia mimi, akacheka. Akanipa punje moja niile. Nikasema, Mungu wangu, mimi mtu mzima nitakula kitu chenye ukungu? Nikafumba macho. Ndugu zangu, ilikuwa kama tende iliyolowekwa kwenye asali, kisha nyuma yake ukaja uchachu wa limao unaosafisha ulimi. Nikanyoosha mkono nipewe ya pili. Hakunipa!

Punje hizo wanaziita aszú. Wanazipima kwa kapu la mgongoni, puttony, la kilo kama 25, na kwa desturi ya zamani wanahesabu makapu mangapi yameingia kwenye pipa la lita 136. Makapu matano, makapu sita, na hesabu hiyo inaandikwa kwenye chupa. Siku hizi sheria inataka mvinyo wa aszú ubaki na sukari isiyopungua gramu 120 kwa lita. Halafu kuna kile kinachodondoka chenyewe punje zikilaliana kwa uzito wao tu, bila kukamuliwa. Kinaitwa Eszencia, sukari yake huanzia gramu 450 kwa lita, hata hamira inashindwa kazi, kinachacha kwa miaka. Niliona kikimiminwa kwenye kijiko. Si glasi, kijiko! Kilitambaa kama asali ya nyuki wadogo.

Hapa nawaona wawili watatu wananong'ona: mzee katuletea habari za pombe. Mimi sinywi. Sikunywa kule, sinywi hapa, na waliokuwa nami wanajua kijiko kile kilikwenda kwa kijana. Mimi nilikula supu yao ya samaki wa mtoni, nyekundu kwa paprika, nikashiba. Lakini zabibu nazilima, na siwezi kulima kitu halafu nione haya kuuliza kinakwenda wapi.

Na wewe unayefikiria kuacha zabibu zako zioze ukidai ni maarifa ya Tokaj, acha. Hapa zabibu zinaoza kwa sababu mnunuzi hakutokea, huo si ukungu, ni hasara. Hata kule, mvua ikizidi na jua la mchana lisije, kuvu yule yule anaharibu shamba zima, unabaki na siki na nzi. Ipo miaka wanayopata aszú kidogo sana. Tena sisi Dodoma hatuna mito miwili ya kututengenezea ukungu. Tuna ukavu, na tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo yule mama nilipomwambia alidhani kijana katafsiri vibaya.

Ukungu wa tatu uko ardhini. Mahandaki ya kuhifadhia mvinyo yamechimbwa kwenye mwamba, unainama kuingia, baridi ya kama nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima, na kuta zimefunikwa ukungu mweusi laini kama manyoya ya kondoo. Unaishi kwa mvuke wa mvinyo. Wenyewe wanauheshimu, hawaukwangui. Mke wangu nilipomwonyesha picha alitaka kuwapelekea sabuni.

Sasa, mwenyekiti, samahani. Jina.

Watasema mvinyo ule uligunduliwa na mchungaji wa karne ya 17 aliyechelewesha mavuno kwa hofu ya vita. Hadithi tamu, ila maandishi ya kabla yake yanalitaja neno aszú, kwa hiyo iacheni. Lililo na maana kwangu ni mwaka 1737. Mwaka huo, chini ya wafalme wa ukoo wa Habsburg waliotawala Hungaria, ilitoka amri inayosema vijiji hivi na hivi ndivyo vyenye haki ya kuitwa Tokaj. Mipaka! Hawakuanza na kiwanda wala tangazo. Walianza kwa kukubaliana mahali panaanzia wapi na panaishia wapi. Mji ni Tokaj, kitokacho mji huo ni Tokaji. Ile "i" ya mwisho ndiyo "wa" yetu. Herufi moja, na dunia nzima ikaitamani.

Wafaransa wa Alsace walikuwa wakiuza mvinyo wao wakiuita Tokay. Waitaliano wa Friuli nao walikuwa na zabibu yao, Tocai. Mwaka 1993 Hungaria, haijaingia hata kwenye Umoja wa Ulaya, ikatia saini mkataba na wakubwa wa Umoja huo: jina lirudi kwetu. Waitaliano wakaenda mahakamani. Mwaka 2005 mahakama ya Ulaya ikawajibu kwamba zuio hilo ni halali, na mwaka 2007 muda waliopewa wa kuliacha jina ukaisha. Alsace wakaacha. Friuli wakabaki na Friulano. Na majirani zao wa Veneto walifanyaje? Walichukua neno Tocai, wakachomoa herufi mbili katikati, ikabaki Tai. Tai! Kwetu huyo ni ndege, au kitambaa alichofunga mwenyekiti. Jiulize uchungu wa mkulima anayeamka asubuhi kufuta jina kwenye chupa zake kwa sababu mji wa watu wasiofika 5,000 umesema hapana.

Mtaniambia, wale Wazungu wana mahakama, sisi tunalima ekari mbili. Yule mama wa ndoo naye hana mahakama. Ana mpaka uliochorwa, na kila jirani yake anaujua. Sisi mchele wowote ukitaka kuuzika haraka Dar es Salaam unaitwa wa Kyela, na watu wa Kyela wanatazama tu.

Naona saa naonyeshwa. Nilikuwa na jambo la ushirika, nitaliruka. La watalii pia, ingawa UNESCO iliiweka sehemu ile kwenye urithi wa dunia mwaka 2002. Na la serikali ya kikomunisti, wakati mashamba yalipounganishwa wakahesabu lita tu, jina likabaki kwenye chupa na ladha ikaondoka. Hilo lilihitaji saa nzima, maana ndiko tunakoweza kuanguka hata tukiupata mpaka. Siku nyingine.

Nimekuja na chupa tupu ya nusu lita, ipitisheni. Msinuse, someni karatasi: mahali, kilima chenyewe, mwaka. Umeisoma? Mpe jirani.

Haya, bwana wa boksi, simama. Zabibu nzuri, nimeziona. Ligeuze boksi lako, watu waone pembeni limeandikwa nini. Soma kwa sauti, huku mbele hatusikii.

Biskuti.

Mwenyekiti, maswali.