Kaka Anayechelewa

Mabibi na mabwana, naanza na neno letu lililozeeka: umbu. Wazee wa pwani walimwita hivyo dada kwa kaka yake, na kaka kwa dada yake. Watamil wa kusini mwa India, katika mazungumzo ya kila siku, hutaka kwanza kujua nani alitangulia kuzaliwa: annan ni kaka mkubwa, thangai ni dada mdogo. Na thangai ndiye anayewaliza.

Chukueni kisa cha Nallathangal, kinachoimbwa vijijini Tamil Nadu. Njaa imeingia kwa mumewe. Anawakusanya watoto wake saba, anashika njia kwenda kwa kaka yake, Nallathambi. Kaka yuko porini anawinda. Anamwambia atangulie nyumbani. Kule wifi anafunga mlango. Ukishafunguka, anamtolea chungu kilichopasuka na kuni mbichi, apike. (Naona akina mama wa nyuma wanatazamana.) Nallathangal anawapeleka watoto kisimani, anawatumbukiza mmoja mmoja, kisha anajitosa. Ndipo kaka anarudi, anauliza dada yake yuko wapi.

Wasikilizaji humlaani wifi. Mimi jicho langu liko kwa kaka. Angegeuza njia akaongozana naye, kisa kisingekuwepo.

Kwa Mtamil, kuchelewa kwa kaka si jambo dogo. Mjomba, thaimaaman, ndiye anayempakata mtoto wa dada yake siku ya kutogwa masikio, na huja na zawadi ziitwazo seer. Asipofika, pengo lake linaonekana na kila mtu.

Hata mungu hasalimiki. Kila mwaka katika mji wa Madurai, mwezi wa Kitamil wa Chithirai, mungu Alagar hushuka kutoka hekalu lake la mlimani, kilomita 20 hivi, kumwoza dada yake, mungu wa kike Meenakshi, kwa mungu Shiva. Anaingia mto Vaigai juu ya farasi wa dhahabu, umati umejaa kingo zote mbili. Anaambiwa ndoa imeshafungwa. Basi anageuza, mjini haingii. Mwaka ujao atachelewa tena.

Huko Kongu, magharibi mwa Tamil Nadu, katika utenzi uitwao Annanmar Kathai, mambo yamepinduliwa. Ndugu wawili, Ponnar na Shankar, wamekufa, na dada yao Thangal ndiye anayeingia porini kuwatafuta. Anazikuta maiti. Anawafufua kwa kitambo kidogo, wanazungumza, kisha wanakufa tena.