Kigoda cha mninga bila msumari: msumeno, randa na patasi tu

Habari zenu, karibuni tena uwani kwangu. Hao mnaowasikia nyuma ni kuku wa jirani, tuvumiliane nao. Leo tunatengeneza kigoda cha jikoni, kile unachokalia ukichambua mchicha. Hakina msumari hata mmoja, na hakuna mashine nitakayowasha, kwa hiyo hata wakikata umeme sisi tunaendelea.

Mbao yetu ni hii, mninga, inchi 1 kwa 10, urefu futi 5. Ilikuwa ubao wa kichwani wa kitanda cha zamani, ndiyo maana unaona alama za skrubu huku mwisho. Mninga naupenda kwa sababu moja: ukishakauka umetulia. Haupindi ovyo, haujikunji, masika yakija hauvimbi sana. Angalia rangi. Huku katikati ni kahawia inayoelekea wekundu, hicho ndicho kiini. Huku pembeni ni njano iliyofifia, na hapo ndipo wadudu wanapoanzia kula, kwa hiyo tutapakata tupatupe.

Kama huna mninga, tumia msaji, au paini ya Sao Hill kule Mufindi ambayo bei yake haiumizi. Ila ikauke! Kigoda changu cha kwanza nilinunua paini asubuhi, jioni nimeshaigandisha gundi, najisifu. Baada ya miezi miwili kila kiungo kilikuwa kimeachia, ukikikalia kinaimba. Siku hizi napima kwenye mzani wa jikoni. Kata kipande, kipime, andika uzito na tarehe kwa penseli juu ya mbao yenyewe, weka kivulini. Kila wiki pima tena. Uzito ukiacha kushuka, mbao imekauka. Mbao ikiwa mbichi kabisa, hesabu kama mwaka mzima kwa kila inchi ya unene, na uipange ikiwa na vijiti katikati ili upepo upite.

Sasa kunoa, na hapa msinirushie mbele. Kazi yote ya leo iko kwenye makali. Huhitaji jiwe la bei mbaya: chukua kipande cha kioo kinene, ubandike msasa wa maji, namba 240, halafu 400, 800, na mwisho 1200. Kwanza geuza patasi, mgongo wake ulale bapa juu ya kioo, usugue mpaka ule upande wa ncha ung'ae. Mgongo ukiwa na bonde, makali hayaji hata unoe mpaka kesho.

Kisha mteremko, ule upande wa patasi uliokatwa mshazari kwenye makali. Nasogeza kamera. Unaona unene wa chuma hapa? Milimita 4. Urefu wa mteremko wangu ni milimita 8, mara mbili ya unene, na hapo umepata digrii 30 bila kifaa chochote. Nasugua, nasugua, mpaka nikipitisha kidole nyuma, kwa kutokea ndani kwenda nje, nasikia kitu kama unywele wa chuma umejikunja. Huo unywele ndio ishara. Usipousikia, usihamie msasa wa namba nyingine. Ukifika 1200, ulaze mgongo kwenye msasa mara mbili tatu, unywele uondoke. Jaribu kwenye kichwa cha paini, pale nyuzi zinapoishia: ikikata ikaacha sehemu laini inayong'aa, umefika. Ikiacha unga na mashimomashimo, rudi kwenye kioo. Blade ya randa ni vilevile.

Guniya, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, nayo ikaguliwe kabla hujaiamini. Chora mstari kutoka ukingoni, igeuze upande wa pili, chora tena palepale. Mistari ikilalana, iko sawa. Yangu ya kwanza ilikuwa inadanganya karibu milimita 1, nikawa nalaumu mkono.

Tunakata. Vipande ni vinne: kikalio sentimita 40, miguu miwili ya sentimita 28 kila mmoja, na ubao wa kati, unaounganisha miguu, wa sentimita 31. Upana wa kikalio na miguu ni 22, wa ubao wa kati ni 7. Kwenye miguu nyuzi zisimame, kutoka chini kwenda juu. Ukizilaza, mguu utakatika siku mgeni mzito akija.

Randa sasa. Nimesugua mshumaa kwenye tumbo lake, iteleze. Blade itoke kidogo sana, maranda yawe membamba kama ganda la kitunguu. Mninga wakati mwingine una nyuzi zinazokwenda huku na kule kwenye ubao mmoja, unasukuma vizuri mara, kwaa! imenyofoa. Usilazimishe. Geuza ubao, au sukuma kwa mshazari. Pakibaki pakaidi, fanya kama wazee: kipande cha kioo kilichovunjika, umekishika kwa glavu, unakwangua. Unapata maranda kweli, si vumbi. Na kwa vumbi la mninga vaeni barakoa, linawasha pua.

Viungo. Juu ya kila mguu tunaacha ndimi mbili, yaani vipande vinavyochomoza vya kuingia kwenye matundu ya kikalio, kila moja upana wa sentimita 5. Hesabu ni hii: 3 za bega, yaani pale panapokatwa kando ya ulimi, 5 za ulimi, 6 wazi, 5 za ulimi, 3 za bega. Urefu wa ulimi ni sentimita 2.5, utokeze kidogo juu ya kikalio. Alama zote kwa kisu. Mstari wa penseli una unene, hujui ukate upande gani. Mstari wa kisu una ukuta, na patasi inaingia humo yenyewe.

Ukishazikata ndimi, usipime matundu kwa futi. Weka mguu wenyewe juu ya kikalio, sentimita 5 kutoka mwisho, uzungushe kisu kufuata ulimi. Andika mguu A, tundu A. Hazibadilishani.

Kutoboa, nachimba nusu kutoka juu, nageuza, nusu kutoka chini. Kuna siku nilikuwa na haraka nikachimba kutoka upande mmoja hadi mwisho, na patasi ilipotokea ng'ambo iling'oa kipande kikubwa kama sarafu. Anza katikati, achia milimita 2 kabla ya mstari, makato ya mwisho ndiyo yafuate alama ya kisu. Nyundo ya mbao, tafadhali, si ya chuma. Ubao wa kati nao upewe ulimi kila mwisho, urefu uleule wa sentimita 2.5, kimo sentimita 4, na matundu yake katikati ya miguu. Umbali kati ya mabega yake ufuate miguu ilivyokaa kwenye kikalio.

Halafu kabari, kile kipande chembamba cha mbao kinachogongwa ndani ya ulimi ili ufunguke na kubana tunduni, na hapa tazama vizuri maana wengi wanapasua kikalio kwa kutojua. Kila ulimi nauchana kwa msumeno, robo tatu ya urefu wake. Mchano huo lazima ukatishe nyuzi za ubao wenye tundu. Nyuzi za kikalio zinakwenda kwa urefu wake, kwa hiyo kabari inakaa kwa upana. Ukiigonga, inasukuma kuelekea kwenye vichwa vya nyuzi, ambavyo havipasuki. Kwenye miguu nyuzi zimesimama, kwa hiyo kabari inalala. Pande hizo zinazosukumwa, tanua mdomo wa tundu milimita 1 upande wa nje, ulimi upate pa kufungukia.

Unganisha vyote vikavu kwanza, bila gundi. Vikikubali, ndipo gundi nyeupe ya mbao. Ukitumia msaji, ufute kwanza kwa tina, una mafuta yanayokataa gundi. Miguu na ubao wa kati kwanza, kikalio kishuke juu, kabari zipakwe gundi na zigongwe kwa zamu. Una kama dakika 10, na kwenye joto hili pungufu. Klampu sina za kutosha, nafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vinabana kuliko mnavyodhani. Acha mpaka kesho.

Asubuhi kata vilivyotokeza, piga randa. Kikiyumba, kiweke juu ya meza iliyonyooka, pitisha penseli iliyolala kuzunguka miguu, kata kufuata mstari.

Msasa 120, 180, kisha futa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Nyuzi zitasimama kama vipele. Zikikauka, pitisha 240.

Rangi ya mwisho. Vanishi inang'aa, lakini kigoda cha jikoni kinaburutwa, na ikichubuka unaikwangua yote. Laki ya kupuliza ukiipaka wakati wa masika inaingiwa na ukungu mweupe. Mimi natumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nusu kwa nusu na tapentaini kwa mkono wa kwanza. Mafuta ya nazi msijaribu, hayakauki, utaondoka na kigoda kwenye gauni. Paka, subiri dakika 20, futa yote yaliyobaki juu. Ona rangi hiyo inavyotoka! Kesho mkono wa pili, bila tapentaini, keshokutwa wa tatu.

Na matambara haya msiyakunje mkayatupa kwenye ndoo. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe. Mimi nayaanika moja moja kwenye kamba ya nguo, pale, mbali na shuka za mama, maana juzi tulikosana.