Matandiko ya mayai ya nyoka: pima kwa gramu, usipime kwa kikombe

Hamjambo nyote. Karibuni tena kwenye chumba chetu cha mayai, hapa Kisumu upande wa kuelekea Ahero. Jike wetu mmoja wa nyoka wa nyumbani ametaga usiku wa kuamkia leo. Mayai tisa! Mpwa wangu anayeshika kamera amenigongea dirisha alfajiri kama mtu aliyeuona mwezi wa Idi.

Kwa wasiomjua, nyoka wa nyumbani ni yule wa hudhurungi mwenye mistari ya rangi ya maziwa kando ya kichwa. Hana sumu. Huingia nyumbani kwa ajili ya panya, halafu sisi tunampokea kwa rungu. Jambo hilo huniuma kila ninapolisikia, na ndiyo sababu nikaanza kupiga video hizi.

Kabla sijagusa chochote: kufuga nyoka Kenya ni kwa kibali cha KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya, kwa mujibu wa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Chetu kile pale ukutani. Ukikuta mayai shambani yaache yalipo, na kama yako mahali pa hatari waite KWS. Usiyachimbe upeleke nyumbani kwa sababu umetazama video yangu.

Haya. Leo ni matandiko, yaani kile tunacholazia mayai mpaka yaanguliwe. Wengi wananiuliza kuhusu joto tu. Joto ni nusu ya kazi. Yai la kuku lina ganda gumu na limekuja na maji yake ndani. Yai la nyoka ganda lake ni kama ngozi. Ukilibonyeza kidogo linabonyea. Linanywa maji kutoka kwa kilicho chini yake na kunenepa polepole wiki baada ya wiki, na linapumua kupitia ganda lilo hilo. Kwa hiyo tandiko zuri lina kazi mbili zinazovutana: lishike maji, na lipitishe hewa. Likishindwa moja, yai linakufa.

Nimejaribu vitu vingi, ngoja niwaonyeshe nilivyonavyo mezani.

Huu mchanga wa mto. Mzito, unashikana, hewa haipiti. Utoe. Hii maranda ya mbao kutoka kwa fundi: inaoza, na siku ya kumi utaona kuvu nyeupe imetambaa kama pamba. Itoe pia. Udongo wa shamba una wadudu na vijidudu ambavyo huvijui. Hapana.

Hii hapa ni kokopiti, unga wa makumbi ya nazi. Huuzwa kama tofali kavu, ukilitia maji linafura. Si mbaya. Ila mengine huja na chumvi, lazima uisuuze mara tatu nne, halafu kukadiria maji yake ni shida, kwa sababu tayari umeyaloweka na hujui yamebaki kiasi gani. Ukilazimika kuitumia, ikamue ngumini mpaka isidondoshe hata tone, na ukifungua kiganja ibaki imeshikana.

Haya mawe mepesi ni ya volkano. Ndugu zetu wa Nakuru na Naivasha wanayajua, mashamba ya maua huyatumia kuoteshea. Mimi huyatumia kwa njia nyingine: mawe na maji chini, wavu wa plastiki juu yake, mayai juu ya wavu bila kugusana na maji. Ni njia nzuri kabisa, ila inataka kifuniko kinachobana sawasawa, maana yai halina pa kunywa isipokuwa unyevu wa hewani. Hiyo nitaifanyia video yake.

Na hii sasa ndiyo niipendayo. Vemikulaiti. Iangalie kwa karibu, mpwa, sogeza kamera. Unaona kila kipande kilivyo na kurasa kurasa, kama kitabu kidogo kilichoachwa wazi? Ni madini yaliyochomwa yakafura. Maji hukaa katikati ya zile kurasa, hewa hupita katikati ya vipande. Haiozi. Na si kitu kigeni kwetu: kwenye jiko la makaa la bati lenye udongo ndani, kile kilichoshikanisha udongo na bati huwa ni saruji iliyochanganywa na vemikulaiti. Utaipata kwenye agroveti wanaouza vifaa vya kuoteshea miche. Chukua ile ya chembe kubwa. Ile laini hugeuka uji.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipoangukia. Vemikulaiti na maji hupimwa kwa uzani. Kwa uzani. Si kwa kikombe.

Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa "moja kwa moja", yaani sehemu moja ya vemikulaiti kwa sehemu moja ya maji, nikachukua kikombe. Kikombe cha vemikulaiti, kikombe cha maji. Ilipokuwa supu nikamwaga yaliyozidi, nikaona imetulia, nikalaza mayai kumi na moja. Baada ya siku chache yalikuwa yamefura, ganda limekaza likang'aa, nikafurahi nikidhani yananawiri. Wiki ya pili yakawa na madoa ya kijani na kuanza kuvuja. Nililifungua moja. Mtoto alikuwa amekwisha kufanyika, uti wa mgongo unaonekana, mwembamba kama uzi. Yote kumi na moja yalikufa. Yalikuwa mazima nilipoyapokea, na mimi ndiye niliyeyazamisha.

Tazameni kwa nini. Naweka kikombe kitupu kwenye mizani ya jikoni, naisawazisha isome sufuri. Natia vemikulaiti kikombe kimoja kimejaa… gramu 26. Naimwaga, natia maji kikombe kile kile… gramu 250. Mmeona? Ukienda kwa kikombe unatia maji karibu mara kumi ya yanayotakiwa. Kwa hiyo, tena: gramu kwa gramu.

Chombo changu ni hiki cha plastiki cha lita tatu, na kifuniko chake. Pamoja ni gramu 110. Kina matundu mawili madogo ubavuni, yametobolewa kwa msumari wa moto. Natia vemikulaiti gramu 200. Maji gramu 200. Ni maji ya mvua, nimeyachemsha jana yakapoa. Ya kisima chenye chumvi usiyatumie. Chumvi hubaki kwenye tandiko na huvuta maji kutoka kwa yai badala ya kuyapeleka.

Loo, mizani imejizima. Subirini. Ilikuwa imefika 140 na kitu… sitakisia. Hapo ndipo watu wanaposema "ongeza kidogo tu". Namwaga yote, naanza upya na vemikulaiti kavu. Samahani kwa kuwachelewesha.

Sawa. Mia mbili ya vemikulaiti. Mia mbili ya maji. Nachanganya kwa mkono, taratibu, mpaka kusibaki sehemu kavu. Nikiibana hivi… hakuna tone. Mkono umepata unyevu tu. Ndivyo inavyotakiwa. Kwa chatu mimi hupunguza kidogo, gramu 80 za maji kwa kila 100, kwa sababu mayai yake hupata kuvu upesi tandiko likilowa.

Nikimtaja chatu, watu wa Nyakach wananielewa. Omieri, yule chatu mkubwa aliyeungua moto mwaka 1987, watu walimlilia kwa sababu kwao kuja kwake kulimaanisha mvua na mavuno. Mimi hupenda kuwakumbusha vijana kwamba hapa kwetu kuna nyoka aliyewahi kuheshimiwa. Chatu jike hujiviringa juu ya mayai yake na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Nyoka wa nyumbani hutaga na kwenda zake, kwa hiyo hapa sisi ndio mama. Na kuna aliyeniuliza kuhusu mayai ya bafe: bafe hatagi, huzaa watoto wazima.

Tuyalaze. Natia shimo dogo kwa kidole gumba, yai likae nusu ndani nusu nje. Naliinua kama lilivyo, juu ibaki juu. Alama ya msalaba kwa penseli laini, si kalamu ya wino. Yai la kuku hugeuzwa kila siku. Hili likigeuzwa baada ya siku ya kwanza au ya pili, kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, kilichokwisha kujishikiza upande wa juu kinaweza kuzama na kufa. Haya matatu yameshikana. Siyatenganishi, nayalaza kama familia.

Hili la mwisho… mpwa, nipe tochi, zima taa. Nalimulika kutoka ubavuni bila kuliinua. Mnaona rangi ya manjano tu, hakuna chochote. Jirani yake ana duara jekundu na mishipa kama mizizi. Huenda hili ni viza. Lakini silitupi. Siku ya kwanza ni mapema kuhukumu. Nitamulika tena baada ya wiki. Likiwa viza kweli litanyauka na kugeuka rangi, na kama halijashikana na mengine nitalitoa.

Kifuniko juu, uzani wote… 110, 200, 200, na mayai gramu 87. Inasoma 597. Naandika kwenye utepe, nabandika. Namba hii ndiyo itakayoniongoza miezi miwili ijayo.

Naingiza kwenye inkubeta. Hii ni lile sanduku jeupe la povu wanalobebea minofu ya mbuta, nimelitia waya wa joto na themostati, kile kidhibiti cha joto. Nyuzi 28. Kihisio cha themostati nakiweka usawa wa mayai, si juu ya sanduku. Kwa joto hilo natarajia watoto kati ya siku 60 na 70. Zikipita 32 naogopa sana. Baridi ya saa chache yai huvumilia, joto kali halivumilii. Ndiyo maana humu ndani kuna chupa nne za maji: stima ikipotea, na hapa kwetu hupotea, zile chupa hushikilia joto mpaka irudi. Ndugu wa Nakuru, usiku wenu ni wa baridi kuliko wetu, wekeni nane.

"Mjomba, angalia kifuniko."

Nini? Ah. Kweli. Sogeza kamera hapa. Mnaona matone yameshaanza kujikusanya chini ya kifuniko, na lile moja lililo katikati liko juu kabisa ya yai? Maji yangu yalikuwa vuguvugu kuliko chumba. Tone hilo likidondoka kila siku mahali pamoja, kuvu itaanzia hapo hapo. Naifungua, nafuta kwa kitambaa kikavu, na sasa naweka kijiti chini ya upande mmoja wa chombo, kiinamie kidogo, matone yatiririke pembeni. Asante, mpwa.

Na uzani umebadilika, kwa sababu nimefuta maji. Napima tena: 594. Nafuta 597, naandika 594.

Kazi ya kila wiki ni fupi. Fungua, pepea kwa kifuniko mara tano sita hewa iingie, funga, pima. Ikisoma 585, gramu tisa za maji zimepotea; rudisha gramu tisa, basi. Usihofu kwamba mayai yananywa, maana yanachokunywa bado kimo ndani ya chombo, uzani hauondoki. Maji yawe na joto lile lile la ndani, na yapite pembeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Pembeni. Kamwe si juu ya yai. Na kwa gramu, si kwa kijiko, nimeshawaambia.

Yai likibonyea wiki za mwanzo, tandiko limekauka. Likibonyea wiki ya nane au ya tisa, usiongeze maji! Wengi huharibu hapo. Mtoto yuko karibu kutoka, na ganda hulegea lenyewe. Utaona mpasuko mdogo kama wa wembe, kisha pua. Anaweza kukaa hivyo siku nzima au mbili, kichwa nje, mwili ndani, akimaliza kiini chake. Usimvute, usimkatie ganda.

Wiki ijayo, siku na saa kama hii, nitafungua mbele yenu tumulike lile yai la tisa.