Ndoto ya Pamoja na Ishara za Angani: Ushahidi Hupangwa Kabla ya Jibu

Mabibi na mabwana, hoja yangu ni kwamba madai ya watu wawili kuota ndoto moja yapimwe kama ishara za angani: ushahidi upangwe kabla ya jibu. Nianze na Parkes, Australia, kwenye darubini kubwa ya redio. Tangu 1998 ilikuwa ikinasa milipuko mifupi ya mawimbi yenye sura ya kitu kilichotoka mbali sana angani. Mwaka 2015 chanzo kikajulikana: maikrowevu ya hapo hapo kituoni. Mtu akifungua mlango kabla haijamaliza, inatema mawimbi wakati inazima. Walioibaini walitumia kipokezi cha pembeni, na kila mlipuko ulipotokea, kilionyesha mawimbi ya gigahezi 2.4, masafa ya maikrowevu. Tena milipuko ilipenda saa za kazi. Nyota hazijui saa ya chakula cha mchana.

Kisa cha pili, darubini ile ile, ni kigumu zaidi. Mwaka 2019 ilinasa ishara nyembamba ya megahezi 982 ilipoelekezwa Proxima Centauri, nyota jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.2. Kawaida ya kazi hii ya kutafuta ishara za viumbe wa mbali ni kuielekeza darubini kwenye nyota, kuisogeza pembeni, kisha kuirudisha. Kinachobaki hata ukisogeza ni kelele ya hapa duniani. Ishara hii ilifaulu: ikisogezwa, haionekani. Wengi wangeishia hapo. Wachambuzi wakapekua masafa mengine, wakakuta ndugu zake kadhaa, yaani ishara nyingine zenye tabia ile ile, na baadhi ya hizo zilionekana hata darubini ilipokuwa pembeni. Hitimisho la 2021: ni mwingiliano wa vifaa vya kielektroniki. Kipimo kimoja kupita hakutoshi.

Sasa ndoto. Watu wawili wakiamka na kusema "tumeota kitu kimoja", swali langu la kwanza ni: nani alianza kusimulia? Wa pili akishasikia "maji", bwawa lake hugeuka bahari, naye hadanganyi hata kidogo. Kumbukumbu ya ndoto ni laini mno. Kila mmoja aandike kabla ya kuonana, aweke saa, afunge bahasha.

Hospitali ya Maimonides, Brooklyn, ilijaribu kwa uangalifu kuona kama anachokitazama mtu kinaweza kuingia katika ndoto ya mwingine, kuanzia miaka ya 1960, ikiongozwa na Montague Ullman na Stanley Krippner. Mlalaji alifungwa elektrodi kichwani, akaamshwa katika usingizi wa ndoto ili asimulie. Chumba kingine mtu alitazama picha iliyotoka kwenye bahasha. Waamuzi wasiojua jibu walizipanga picha kwa kufanana na masimulizi. Mpango mzuri, ila picha iliyotazamwa kuangukia nusu ya juu ya mpangilio huo kulihesabiwa kufaulu, na hapo kubahatisha tu kunakupa nusu. Watafiti Belvedere na Foulkes walirudia jaribio hilo mwaka 1971, hawakupata kitu.

Leo tunaweza kubana zaidi. Mwaka 2021 maabara za nchi nne zilionyesha kuwa mtu anayejua kwamba anaota anaweza kujibu hesabu kwa kuzungusha macho: 8 toa 6, macho kushoto na kulia mara mbili. Basi laza wawili katika majengo tofauti. Mmoja apewe ndotoni namba ya kura, 1 hadi 8. Mwenzake aijibu kwa macho, na msomaji wa mistari ya macho asijue namba. Katika usiku 40, bahati peke yake italeta majibu sahihi yapata 5. Hizo 40 zitangazwe mapema, maana anayesimama siku alipopatia anaweza kuonekana ameishinda bahati bila miujiza yoyote.